Miaka Mitano Tuliyoipunguza

Bukoba, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mgongo wako unaendeleaje? Maji yameshashuka kwenye shamba la bondeni, au bado mnaamia ndege wasile mpunga mkiwa mmesimama kwenye tope? Huku mvua hainyamazi, nami siwezi kutulia. Barua hii nimeianza mara tatu. Kwa simu ningeshindwa kuyasema. Dada Yustina akusomee mkiwa wawili tu.

Mama, nilikuambia goti limenivimba kidogo. Si kidogo. Kocha wetu, Mwalimu Salvatory, ametugawa kwa umri. Walio chini ya miaka ishirini na mitatu wanapandishwa mlima asubuhi na jioni, kwa sababu anasema mwili unaokua hujengeka kwa kazi. Wakubwa wanakimbia kidogo na kupumzishwa. Nami kwenye karatasi nina ishirini na miwili. Nimekimbia mpaka nikatapika, lakini wale vijana kila wiki wananiacha mbali zaidi.

"Nakushangaa," kocha aliniambia mbele ya wenzangu. "Kwa umri wako huu, mbona hukui? Ni uvivu?"

Hukulea mvivu, mama, lakini nilirudi tu mlimani.

Ninakaa chumba kimoja na Masanja, beki wetu, Msukuma wa pale Mkula. Ana gemu ya mpira kwenye simu, ambayo mtu hachezi mwenyewe, anakuwa meneja: anasajili, anapanga mazoezi, anasubiri wachezaji wakue. Jumanne mvua ilipotufungia ndani aliingiza timu yetu nzima, majina na umri kama ulivyo kwenye usajili, akatupitisha msimu mzima. Namba zangu zikapanda kila mwezi. Za kipa wetu, mwenye miaka thelathini na mitatu, zilishuka upande wa mbio, ila za kusoma mchezo zikaongezeka.

"Unaona?" Masanja akasema. "Kijana ukimfundisha anapanda. Akivuka ishirini na tano anapanda polepole, halafu anasimama. Mzee anabaki na akili tu."

"Hebu nirudishe mwanzo, uniweke ishirini na saba."

"Kwa nini?"

"Jaribu tu."

Akajaribu, kwa mazoezi yaleyale magumu. Namba hazikusogea, na kabla ya nusu msimu nilikuwa kwenye orodha ya majeruhi. Masanja akaweka simu kitandani, akautazama mguu wangu. Hakuuliza tena.

Tangu Jumanne hiyo ninachokiona ni siku ile mjomba Kalisti alipotupeleka kwa mwanasheria pale Ifakara, wewe umevaa kitenge chako cha kanisani, ukaapa kwamba nilizaliwa mwaka ambao kwa kweli nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Mjomba akacheka, akasema wachezaji wote wanafanya hivyo.

Alhamisi nikamfuata kocha uwanjani kabla wenzangu hawajafika.

"Mwalimu, mimi si wa miaka ishirini na miwili. Nina ishirini na saba."

Akakaa kwenye benchi. "Miezi yote hii nimekuwa nikimpandisha mlima mtu mzima?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nami nikakuita mvivu." Akalibonyeza goti langu kwa vidole, nikaruka. "Ungeniambia, ningekufundisha vingine. Ningekutoa pembeni nikuweke katikati, usome mchezo, upumzike. Ishirini na saba si uzee, ni umri wa kucheza. Lakini hili siwezi kulificha. Viongozi lazima wajue."

Jana viongozi waliniita. Wameniondoa kikosini, na jina langu linapelekwa kwa wasimamizi wa ligi. Huenda nikafungiwa, kwa muda gani, hakuna anayejua. Waliuliza nani aliapa. Nikasema mimi ndiye niliyetaka, na ndivyo ilivyo. Mjomba alileta wazo, lakini niliyekupigia magoti ni mimi. Uliniambia, "Mwanangu, unataka nilitaje jina la Mungu kwa uongo?" Nikaendelea kulia mpaka ukakubali.

Nilidhani nikitoka pale nitavunjika. Badala yake nikauzunguka uwanja nikichechemea, mara moja, mara mbili, bila mtu wa kunipigia filimbi. Hasira ninayo, na aibu ninayo, ila sina tena cha kukumbuka kuficha mtu akiniuliza umri.

Nisalimie dada Yustina na shemeji, bibi mzaa baba, na baba mdogo wa kule Masagati mkionana naye. Mjomba Kalisti umsalimie pia, na umwambie nitamfuata mwenyewe tuzungumze.

Ijumaa napanda basi. Msinichinjie kuku, na watu wa jumuiya wakiuliza kwa nini narudi katikati ya msimu, waambieni ukweli. Najua tangu siku ile hupokei komunyo. Yustina aliniambia, nami nikajifanya sikusikia. Ukitaka kwenda kuungama, nisubiri, mama. Twende wote.

Mwanao,
Benedikto