Nafasi Yangu Katika Duara

Chenggong, Taitung
18 Agosti

Mpendwa Mjomba Lekal,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Osaka na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama anaendelea kutafuna tambuu kwa siri, akidhani daktari haoni meno yake.

Utakuwa umesikia kwamba timu iliniacha mwezi wa sita. Hiyo ni ya tano, na siku hizi nikihamia mji mpya sifungui hata masanduku yote. Wananiita pale mdakaji wao anapoumia; akipona, nafungasha. Usinionee huruma. Besiboli imenilisha vizuri, na vidole vyangu vilivyopinda vinawachekesha watoto.

Basi mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulipwa kucheza, sikukuu ya mavuno imenikuta nyumbani. Unawajua watu wetu: anayekosa ngoma lazima aadhibiwe. Mimi na kipara changu nikawekwa mkiani pamoja na vijana, kazi yangu kuwamiminia wazee pombe ya mchele. Namoh, mwenzangu wa rika, alifurahi kupita kiasi.

"We mdakaji! Mpira unaudaka, kikombe kinakushinda? Mimina, babu!"

Siku ya tatu wazee walinisamehe. Calaw, naye wa rika letu, akakunja kitambaa chekundu alichokuwa ameshika, akakitia mkobani, nikasimama kati yake na Namoh. Tukashikana mikono. Wimbo haujafika katikati, namwona mke wangu Tipus pembeni akipunga simu.

"Baba Dongi! Timu ya kaskazini! Mdakaji wao kavunjika kidole, wanakutaka leo hii!"

Nusura niikimbilie hiyo simu, Mjomba. Kwa umri wangu, huenda hiyo ndiyo simu ya mwisho. Lakini ukiachia mkono kabla ya wimbo kwisha, umelivunja duara. Namoh akalegeza vidole.

"Nenda bwana," akasema bila kunitazama. "Si ndo kawaida yako?"

Hapo hakuwa anatania. Nikamkamata mkono, nikaendelea kuimba. Nilipowapigia baadaye, walikuwa wameshapata mwingine. Tipus alininunia mpaka wakati wa kula, kisha akaniongezea wali wa kunata. Nilikula nikashiba, na sijuti.

Jana Mama alinieleza habari ya kile kitambaa. Miaka yote niliyokosa, Namoh na Calaw walikishika huyu huku, huyu kule, ili kati yao pabaki upana wa mtu mmoja. Kijana akijipenyeza hapo, Namoh alikuwa anamfukuza kwa matusi.

Nikakumbuka kwamba kwenye rika lako, kati ya Mzee Kolas na Mzee Futing, nimeona kitambaa cha bluu, kimepauka kabisa. Mimi nilidhani ni pambo.

Mama, Tipus na Dongi wanakusalimu. Msalimie mkaza-mjomba na watoto. Mababu wakulinde, na wakulainishie hilo goti uweze kucheza.

Mpwa wako anayekungoja,
Ofad