Ndege Itoke Jumamosi

2 Juni

Kwa mke wangu mdogo,

Mimi sijambo, ni mafua tu yamenipitia kama mgeni asiyetaka kukaa. Bibi yako ni mzima, na yeye akiwa mzima unajua sisi wengine tunakuwaje. Wewe je? Hizo lifti mnazotengeneza, zinapanda?

Napenda kukujulisha kwamba ile ndege ya betri uliyonitumia imeruka. Imepita juu ya paa, ikazunguka tangi la maji la jirani, watu wakatoa vichwa madirishani, na mimi nikaitua uani taratibu kama yai.

Haya, haijaruka. Haijatoka hata mezani. Nilitaka tu uone jinsi habari ingependeza.

Nimeiunganisha yote mwenyewe, mabawa yamekaa sawa kama mabega ya koti la bwana harusi. Shida ni chakula chake. Betri ipo, na ile chaja yenye kioo cha namba ipo, lakini waliotengeneza hawakuipa waya wa kwenda ukutani. Ina tundu la duara basi. Nikaangaza macho, nikaona adapta ya redio ya bibi yako, nayo pini yake ni ya duara. Nikajaribu, ikaingia bila kubembelezwa. Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani, kifungo kikiingia tundu, shati ni lako.

Kioo kikawaka. Nikabonyeza pa kuanzia. Adapta ikatoa harufu kama pasi iliyosahauliwa juu ya suti ya mteja, ikanyamaza. Chaja nzima, betri nzima, adapta marehemu.

Bibi yako nimemwambia kituo cha redio kimefungwa kwa matengenezo. Ameniangalia, akarudi kuchambua mchele wake. Na yule anaweza kukosa chai, lakini si mchezo wake wa redio wa saa kumi.

Niambie ninunue nini, na kisiwe cha bei.

Mumeo mzee,
Babu


9 Juni

Babu mume wangu, shikamoo.

Natumaini mafua yameondoka na hayakuacha mizigo. Mimi mzima. Lifti zinapanda, ila juzi moja ilipanda ikakataa kushuka na meneja akiwa ndani, na sikuona mtu aliyekimbia.

Babu, pini kuingia si hoja. Nikueleze kwa lugha ya cherehani. Volti ni kipimo cha shingo, lazima kimkae mwenye nguo. Geuza chaja yako usome nyuma, imeandikwa volti 11 hadi 18, kwa hiyo kumi na mbili inakaa vizuri. Ampea ni kitambaa. Adapta ya redio naikumbuka, ilikuwa na ampea moja, na chaja ikijaza betri ile inataka kama tatu. Umemshonea mtu mnene suruali kwa kitambaa cha mtoto, akainama, ikachanika unapopajua.

Kitambaa kikizidi hakuna ubaya. Chaja inakata kinachoitosha, kingine kinabaki kwenye jora. Tafuta kifaa cha volti 12, ampea tano kwenda juu. Na usikubali chaja ya laptop hata wakikupa bure. Nyingi ni volti 19, shingo imezidi, utaua chaja yenyewe.

Tena mwambie mke mwenzangu ukweli kabla hajaupata mwenyewe.

Mjukuu wako


13 Juni

Kwa mke wangu mdogo,

Mafua yameisha, mengine yameanza. Barua yako ilifika, ila ukweli ulitangulia. Juzi saa kumi jirani alifungua redio yake, na ukuta wetu huu, mtu akipiga chafya kule, huku unamwambia pole. Mchezo wote ukasikika, kituo kizima, hakina matengenezo yoyote. Bibi yako alikuwa anafagia. Akamaliza kufagia, akazungusha ufagio kwenye miguu yangu kama vile mimi ni kiti, kisha akasema kwa sauti ya chini, na ile ya chini ndiyo mbaya:

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi hiyo ndege itoke humu ndani. Itoke kwa kuruka au kwa kutupwa, hiari yako."

Na atatupa. Mke wangu mdogo, nakwambia bila mzaha, na mzaha unanijua. Tangu macho yalipokataa sindano nilikuwa nakaa dirishani nahesabu mbuzi wa watu. Hii ndege ndiyo iliyonirudisha mezani. Ikienda jalalani, nami narudi dirishani.

Basi nikaenda kwa muuza vifaa kuukuu, yule mwenye duka la giza. Cha kwanza akaniletea chaja ya laptop, anaisifia kama binti anayemtafutia mchumba. Nikaigeuza, nikasoma, nikamwambia shingo imezidi. Akanitazama kama nimetoroka mahali. Adapta mpya ya ampea tano anayo, ila alipotaja bei nilitafuta pa kukaa.

Nikaona chini ya rafu kisanduku cha bati kilichotolewa kwenye kompyuta iliyokufa, nyaya zimemwagika kama utumbo. Anakiita pawa saplai. Nikafuta vumbi: volti 12, ampea 16. Jora zima! Akaniuzia kwa bei ya kunifukuza, maana anasema ni kibovu, ukikichomeka feni yake haizunguki.

Nami nimekichomeka. Haizunguki. Bibi yako ameuliza huyu marehemu mwingine anazikwa lini. Nifanyeje?

Babu yako, anayekunywa chai bila sukari na hakuna aliyemshauri


20 Juni

Barua yangu hukuipata, au umeolewa?

Bibi yako ameanza kulipima lile pipa la taka kwa macho.

Babu


22 Juni

Babu, shikamoo, na samahani. Sijaolewa. Nilipelekwa hospitali moja ya mbali kufunga lifti mpya, barua zako zikanisubiri mezani. Naandika kwa haraka ili hii ikuwahi.

Kisanduku si kibovu. Kinangoja kuambiwa amka, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikikiamsha. Kikiwa hakijachomekwa ukutani, tafuta waya wa kijani, ni mmoja tu. Uunganishe na mweusi wowote. Ukichomeka, feni itazunguka. Nyaya za njano zote ni volti 12, hizo ndizo chanya. Nyeusi ni hasi. Nyingine zote zifunge ncha kwa tepu, zisigusane.

Kifuniko usikifungue kabisa, hata kikiwa kimezimwa, ndani kinabaki na umeme wa kuua. Betri uijaze juu ya kigae, mbali na mapazia, na usitoke chumbani. Nakujua.

Msalimie mke mwenzangu, kama mnasalimiana.

Mjukuu wako


30 Juni

Kwa mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Sote wazima, chai ina sukari.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya hukumu. Nikaunganisha waya wa kijani na mweusi, nikazizungushia uzi wa kushonea vifungo halafu tepu, kiungo ambacho hakitafumuka hadi kiyama. Nikachomeka. Feni ikavuma, mimi nikapiga makofi peke yangu.

Nikazima, nikaunga njano na nyeusi kwenye pini ya duara niliyoomba kwa yule muuza vifaa, nikaitia kwenye chaja, nikawasha, betri ikaanza kujaa. Nami nimekaa pale nailinda, nikaona nyaya za njano nyingine zimelala bure. Nikakata waya wa ile adapta marehemu, nikasoma mchoro nyuma ya redio, volti 12, chanya ndani, hasi nje, nikazima kila kitu, nikaunga, nikawasha. Saa kumi na dakika zake redio ikazungumza. Bibi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasimama. Akavuta kiti.

"Sogeza hilo bawa," akasema, "linanizibia."

Jumamosi tukaenda kiwanja cha nyuma ya maghala, yeye kaja kushuhudia. Mara ya kwanza ndege iliingia kwenye nyasi. Mara ya pili iliingia kwenye nyasi zilezile. Bibi yako akanyoosha mkono, akasema lete. Nikampa rimoti nicheke. Mke wangu mdogo, iliruka. Ilipanda, ikageuka, ikarudi ikatupita juu ya vichwa, na yeye anaigeuza kwa vidole vilevile vya kuchambua mchele.

Kwa hiyo ilitoka kwa kuruka, na usiku ililala mezani. Ila tangu siku hiyo sijaigusa. Anajaza betri mwenyewe, anaikalia kwenye kigae kama kuku, jioni tunakwenda kiwanjani, mimi nabeba. Nikiomba zamu ananikumbusha nyasi.

Sasa kuna kajambo. Ulipoparamia ukuta wa shule ukarudi na sketi imekuwa mbili, mimi ndiye niliyemwambia mama yako ilinaswa na cherehani, nikaishona wewe umejificha nyuma ya mlango. Sijawahi kukudai. Leo nakudai. Mwandikie bibi yako kwa ile lugha yenu ya kifundi kwamba betri za namna hii, zikirushwa na mkono mmoja kila siku, hudhoofika, na kwamba Jumatano lazima zirushwe na mkono mwingine. Tia namba, anaheshimu namba. Jina langu usilitaje.

Mumeo mzee,
Babu