Sikatazi, Sishauri

Tarehe 4 Mei

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Huku hatujambo, mgongo tu unanilalamikia kila jioni. Wifi na watoto hawajambo? Wangu anacheza tumboni kama anayetafuta mlango. Miezi mitano sasa, baada ya miaka tisa ya kungoja, kwa hiyo usishangae nikihesabu kila teke.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila mara uko na mgonjwa. Karatasi huwezi kuikata.

Nina shida na nyinyi madaktari. Wiki hii kliniki nesi kaniambia ipo chanjo ya mafua makali kwa wajawazito, bure, imo kwenye friji palepale, ila hawezi kunichoma bila saini ya daktari. Nikaenda kwa daktari. Hakuinua hata macho. "Mimi sikatazi, wala sishauri. Muulize nesi." Nikarudi kwa nesi. "Mimi ni nani niamue? Muulize daktari." Nimeupita ukumbi ule mara tatu na tumbo langu, mpaka mfagiaji akaniuliza nimepoteza nini.

Nilikuwa na Mwalimu wa Hesabu, ninayetumia naye meza moja shuleni. Mimba yake iko nyuma ya yangu kwa mwezi mmoja. Naye alijibiwa hivyohivyo, akacheka, akasema tukale kwanza.

Mimi sicheki. Nafundisha watoto arobaini na mmoja wa miaka mitano, na baridi imeanza. Pua arobaini na moja, na leso yao ni sketi yangu. Naogopa ugonjwa, na sindano nayo naiogopa. Wewe ndiye daktari wa wajawazito katika ukoo huu. Niandikie sentensi moja tu: nichome au nisichome?

Na usiniambie "inategemea". Mama alikupa jina hilo ukiwa darasa la pili, ulipoulizwa kama umeoga.

Mdogo wako


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia mko wazima. Sisi pia ni wazima. Wifi yako anakusalimu, na kitinda mimba wetu anaota meno. Tafadhali punguza kuwabeba watoto darasani, na unywe maji ya kutosha.

Kuhusu swali lako, utafiti mwingi umefanyika na kwa jumla matokeo ni mazuri. Mwongozo wa wizara unapendekeza chanjo hiyo kwa wajawazito. Hata hivyo kila mimba ina historia yake, na daktari anayekuona kwa macho ndiye mwenye nafasi nzuri ya kukushauri. Yapo ya kupima upande huu na upande ule. Mwisho wa yote uamuzi ni wako na mumeo, nami nitauheshimu.

Najua si jibu ulilolitaka.

Kaka yako


Tarehe 26 Mei

Kaka Inategemea,

Salamu. Wote wazima, ila mimi nina hasira, na kwa mujibu wa kadi ya kliniki presha yangu imeshapata habari.

Nimekuuliza njia ya sokoni, umenichorea ramani ya dunia. Upande huu, upande ule! Mimi upande nilio nao ni mmoja, na una mtoto ndani.

Nilimpigia wifi. Nakiri nilitaka kukusengenya tu. Nikamsimulia, akacheka. "Mbona mimi alinichoma mwenyewe? Nilipokuwa na huyu wa mwisho. Alikuja nayo kwenye kiboksi cha barafu, akanikalisha jikoni, akasema lete mkono. Hata sufuria sikuiepua."

Nilimuaga, nikaenda kutafuta kalamu.

Kumbe unajua. Unajua kiasi cha kumchoma mkeo kwa mkono wako mwenyewe, bila kupima upande wowote. Sisi wengine tunasomewa mwongozo wa wizara. Hebu niambie, hao wanawake wanaokaa mbele yako kila wiki unawaambia nini? Na mimi kwako ni nani, wa jikoni au wa foleni?

Meno ya mtoto nimeyafurahia. Sasa nataka jibu.

Mdogo wako


Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini presha imeshuka. Sisi hatujambo. Barua hii nimeiandika mara nne.

Wagonjwa wangu nawaambia yaleyale aliyokuambia daktari wako. Si kwamba siamini chanjo. Miaka sita iliyopita nilimshauri mama mmoja bila kusita, akachoma. Siku ya nne mimba ikatoka. Uchunguzi ulionyesha sababu nyingine kabisa, kondo la nyuma lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Hilo halikumfariji yeyote. Mumewe alikuja akasimama mlangoni kwangu mbele ya foleni nzima, akasema, "Ni wewe uliyesema." Hakupaza sauti. Angepaza, labda ningemsahau.

Tangu siku ile nimejua kwamba nikisema na baya likatokea, nimelifanya mimi. Nikinyamaza na baya likatokea, ni mapenzi ya Mungu. Wenzangu wengi wako hivi. Hatuambiani, lakini tunajuana.

Nawe umengoja miaka tisa. Nikikwambia uchome, kisha ukateleza tu bafuni, nilihofu siku moja utanitazama kama yule bwana. Ndiyo maana nilikuchorea ramani.

Choma. Haya, nimeandika. Tafadhali usimwonyeshe mtu.

Kaka yako


Tarehe 2 Agosti

Kaka,

Mimi na mtoto tuko salama. Nakuambia mapema ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Nilichoma siku ileile barua yako ilipofika. Daktari alianza wimbo wake wa sikatazi sishauri, nikamuuliza, "Na mkeo, daktari, yeye alichoma?" Kalamu ikasimama. Kisha akasaini.

Barua yako nikaificha kabatini chini ya nguo, kama ulivyotaka. Mwalimu wa Hesabu aliponiona nimebandika plasta mkononi aliuliza nani kanishauri. Nikasema nimeamua tu. "Basi mimi nangoja daktari aseme," akasema. Akangoja.

Mwezi wa saba darasa langu lote liliugua, halafu walimu. Mimi nilikohoa siku tatu. Yeye alilazwa siku kumi na moja, akipumua kwa oksijeni. Siku ya sita mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Aliishi saa chache.

Jana alikuja shuleni kuchukua vitu vyake. Aliketi kwenye meza yetu, akapanga vitabu vyake kwa ukubwa, kisha akaniuliza taratibu, "Wewe ulijuaje?"

Jibu nilikuwa nalo kabatini, kaka. Nikamwambia, "Bahati tu."

Miezi yote hii nawasema nyinyi, na mimi kuwa kama nyinyi hakukunichukua hata wiki saba. Nina hasira nawe, na yule daktari, na mdomo wangu huu uliozoea kusema kila kitu isipokuwa siku ulipohitajika. Mimi niliokoka kwa sababu nina wifi mwenye simu. Yeye hakuwa na mtu jikoni kwako.

Leo jioni nakwenda kwake na barua yako. Nitamsomea yote. Ukitaka kunikataza, umechelewa.

Mdogo wako


Tarehe 15 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa huyo anayetafuta mlango. Sikukatazi. Barua yako ilifika Jumatano, na Alhamisi ndiyo siku yangu ya wajawazito. Walikuwa ishirini na wawili.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mimba ya miezi saba. Niliweka kalamu chini nikamwambia, "Ipo chanjo ya mafua makali. Nakushauri uchome leo. Mke wangu alichoma." Nilikuwa nimejiandaa aniulize kama ni salama. Hakuuliza. Alinitazama tu, akasema, "Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti hiki, nikakuuliza mwenyewe. Mbona ulisema shauri yangu?"

Lile jina alilonipa Mama lilinijia mpaka mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia niliogopa.

"Uliogopa nini, daktari?"

"Nilikuogopa wewe."

Akakunja mkono wa gauni lake, na wala hakusema asante. Wale ishirini na mmoja niliwaambia vilevile. Kumi na wanne walichoma, wawili walinigombeza, waliobaki wakasema wataulizana nyumbani. Hata kwa yule wa mwisho, jicho langu lilikuwa mlangoni.

Mpe Mwalimu wa Hesabu anwani ya kliniki yangu. Akitaka kuja kusimama mlangoni, aje yeye au mumewe, mimi nipo kila Alhamisi.

Kaka yako