Kivimbe Kisichouma

Mikumi, 4 Machi 2024

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini Kidete mmeamka salama na kikohozi kimekuacha. Wajukuu zako ni wazima, isipokuwa Bryson anayedai hawezi kula ugali bila wewe kumsimulia kitu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe hunisikii, ila majirani zangu wote wananisikia. Barua anakuletea Cleopa, yule anayefuata nyanya huko kila wiki.

Hapa hospitalini kwetu wamekuja watafiti. Wanachukua damu kidogo na kutafuta protini fulani ambazo zinaweza kuashiria saratani ya kongosho au ya mirija ya nyongo kabla mtu hajaanza kuumwa. Wanataka watu wenye ndugu waliokufa kwa ugonjwa huo, nami nikawakumbuka kaka yako Ditram na shangazi Mwanne. Wote wawili tuliwaona wanageuka manjano, tukahangaika na mizizi, na tulipowafikisha kwa daktari akabaki kutupa pole. Sitaki uwe wa tatu. Njoo, Baba.

Binti yako,
Editha

Kidete, 26 Machi 2024

Mwanangu Editha,

Marahaba. Nilirudi nyumbani salama, mahindi nimeyakuta yanapendeza. Damu yangu wamechukua na mkono hauumi, yule binti wa maabara ana mkono mwepesi. Hapa wanasema nimeuza damu kwa wazungu. Mtani wangu Melkizedek ameshadai mgawo wake.

Mama Sikuzani, yule mjane niliyekudokezea, anakusalimia. Tukivuna, nitakuja na wazee tuzungumze vizuri. Usicheke.

Baba yako,
Thadeo

Mikumi, 3 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini hali ni nzuri, na mama Sikuzani hajambo. Majibu ya damu yako yametoka. Daktari anakuhitaji haraka, watachukua damu tena na kufanya vipimo vingine. Kwa taratibu za kazi yetu majibu ya mtu hayaandikwi kwenye barua, utaambiwa mwenyewe, ana kwa ana. Ni siri yako. Tafadhali usichelewe.

Binti yako,
Editha

Mikumi, 24 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Safari hii sijui hata niulizeje hali yako. Simu umezima. Cleopa anasema barua uliipokea, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani na kufunga mlango. Nimeomba ruhusa nije, lakini wauguzi tuko wachache na zamu zangu hazina mtu wa kunishikia. Kama nimekuudhi, nisamehe, ila njoo. Ninaogopa sana.

Binti yako,
Editha

Kidete, 1 Juni 2024

Mwanangu,

Afya ninayo, ndiyo maana nashangaa. Sikukasirika, niliona aibu. Najua uliandika habari za saratani, lakini mtu akipimwa damu, akaitwa tena, akaambiwa ni siri yake, huku kwetu kila mtu anajua ni ugonjwa gani. Nikajifungia ndani. Mama Sikuzani nikamwambia sitaki tena mambo ya ndoa. Alilia, akaenda zake.

Jana Melkizedek akaja kunizika. Unajua watani hawana haya. Aliketi mlangoni kwangu, kajifunga khanga ya mkewe kichwani, anaomboleza kijiji kizima kisikie: marehemu alikuwa mchoyo, marehemu alikuwa haogi, mwenye kumdai ajitokeze. Watu wakajaa. Nilitoka nimfukuze, nikacheka, halafu nikalia mbele yao. Ndugu hawezi kukufanyia hivyo ukamsamehe. Nikamvuta ndani na kumwambia ninachodhani.

Akasema, "Kumbe ni hilo tu? Wenzako wanameza dawa na wanalima. Kesho kutwa nakupeleka mwenyewe."

Basi tunakuja. Niko tayari kuanza dawa. Usinionee aibu mbele ya wenzako.

Baba yako,
Thadeo

Dar es Salaam, 18 Agosti 2024

Mwanangu Editha,

Nakusalimu nikiwa nimeketi, sijalala. Mshono unavuta nikicheka, kwa hiyo Melkizedek nimemkataza kuja kunitazama.

Bado naiona sura ya daktari wako nilipomwambia nimekuja kuanza dawa, akaniuliza dawa zipi, nikamjibu za UKIMWI. Sikujua mtu anaweza kuambiwa protini zake haziko sawa akamshukuru Mungu. Wewe ulitoka nje, nikajua unacheka na kulia pamoja. Kisha zile picha za tumbo zikaonyesha kivimbe kwenye mrija wa nyongo, kidogo kuliko punje ya hindi. Hapa wamekitoa chote, na wanasema hakijasambaa. Nitaendelea kuangaliwa. Mama Sikuzani nimemweleza yote kwa simu, kwa kelele, wodi nzima ikasikia majibu yangu. Amekubali tuoane.

Nakushukuru, mwanangu. Washukuru na wale watafiti, sikushika majina yao.

Kitanda cha pili yuko mzee Kasiani wa Mvumi, ana ugonjwa huu huu. Macho yake ni manjano kama ya kaka yangu. Aliniuliza mimi nilianza kuumwa wapi. Nikamwambia sijawahi kuumwa, nililetwa mzima. Akageukia ukutani, nikadhani nimemkosea. Yeye hawatampasua, na anajua kwa nini.

Asubuhi ameniomba namba yako. Ana watoto wanne, wote wazima. Nimempa. Wakija Mikumi wapokee wewe mwenyewe, na uwaambie mapema wanapimwa nini na hawapimwi nini.

Baba yako,
Thadeo