Safisha Yote

Jumatatu, 8 Julai
Umeme umerudi jioni. Nimewasha kompyuta, nimekwenda kusonga ugali, nimerudi, bado haijamaliza kuwaka. Imezeeka. Baba ameketi mbele ya televisheni tuliyoiunganisha nayo, anangoja. Kila jioni ni video zile zile. Mama akifundisha wimbo wa kwaya, Mama akivuna mihogo kijijini Lubarika, Mama akinicheka. Alifariki mwaka jana. Simu iliyomrekodi iliibwa Kavimvira. Amebaki humu tu.

Jumatano, 10 Julai
Kaka Bahati amekuja na ushauri wake. Anataka tuweke Windows mpya. Mimi nataka Linux, ni nyepesi na haina malipo. Nafundisha informatika, somo la kompyuta, shuleni, lakini kwa Bahati mimi bado ni mtoto wa kutumwa chumvi.

"Linux njo nini? Muntu akiingia hapa, aone kitu anajua."

Ananikera. Analala kwake, anapita hapa akipenda, kisha anaamua kama nyumba ni yake. Tumegombana juu ya kichwa cha Baba aliyeketi katikati yetu: mashine chafu, imejaa virusi, nani aliichafua. Nimeomba diski ya Bahati ninakili video za Mama kwanza. Imejaa mechi za mpira, amesema. Ataileta Jumapili.

Ijumaa, 12 Julai
Vumbi la kiangazi kila mahali, hata kwenye sukari. Bahati hajapiga simu. Nami sipigi. Tuone nani atachoka.

Jumamosi, 13 Julai
Nimetoka soko la Kalundu nikakuta kompyuta inawaka haraka. Haraka mno. Windows mpya, na filamu za ngumi tele. Bahati alimtuma fundi wake bila kuniambia.

Baba amenisimulia kwa furaha. Fundi alimwuliza, "Papa, nisafishe yote?" Naye akajibu, "Safisha yote, mutoto wangu. Iko muchafu sana."

Alidhani ni vumbi. Alimpa hata kitambaa. Kwa mafundi wa hapa, kusafisha mashine ni kufuta kila kilichomo. Watu wote wa kompyuta mjini wanalijua hilo. Mzee aliyesikia watoto wake wakipiga kelele kuhusu uchafu angelijua wapi?

Mama hayumo.

Namchukia Bahati. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 14 Julai
Sikwenda kanisani. Nimejaribu kumrudisha Mama. Fundi alijaza filamu palipokuwa na video zake, eti zawadi ya mteja. Nimepata kipande kifupi, mkono unapepeta mchele. Hakina sauti.

Bahati ameleta diski yake. Amefuta mpira wote, tupu kabisa, kama nilivyomwomba. Nilipomwambia, ameketi chini kwenye sementi. Sikumpa kiti.

Jumanne, 23 Julai
Bahati amepiga simu. "Chagua weye. Linux, Windows, miye nakubali yote." Nimemjibu yoyote. Hatukuwa na la kubishania.

Baba hatujamwambia. Tunasema bado inatengenezwa. Sioni nani kati yetu atakayeanza.

Leo amechukua kitenge cha Mama, amepangusa skrini taratibu, pembe zote, mpaka nyuma kwenye nyaya. Kisha ameketi mahali pake.

"Sasa iko safi," amesema. "Tuwekee mama yako."

Nimemwambia umeme ni mdogo leo. Amekunja kitenge, amekiweka mapajani. Nimeketi karibu naye.