Jani la Isale la Mwenye Lori

Jumanne, 12 Mei 1998. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba Grace,

Ndizi ziko jikoni. Ng'ombe hajapewa majani. ~~Mengine nikirudi.~~ Hapana, nayasema sasa.

Leo asubuhi mwenye lori lililonigonga alileta jani la isale kuomba msamaha. Ukalipokea bila kuniuliza, mkaenda kunywa mbege, nikabaki na Mungu na magongo. Mguu ndio uliovunjika, Baba Grace, si mdomo.

Kwa mila yetu isale haikataliwi; nimesali, nimemsamehe. Lakini msamaha haufuti madai, tulifundishwa darasa la jioni la sheria. Nakwenda mjini kwa wakili, bima ya lori inilipe.

Nimeahidi kwa sauti, jirani Mama Praygod na mwinjilisti wakisikia: "Nitasimama mbele ya hakimu, hata kwa gongo moja, hata peke yangu."

Mkeo,
Mama Grace