Bibi Tamsin Alipita Nyasini

Jumamosi, 26 Mei 1951

Mizigo tayari. Mama yuko kwenye kiti cha jikoni tangu alfajiri, kofia kichwani, kopo la kahawa lenye maua mapajani – kana kwamba gari litamwacha! Daktari alisema moyo wake hauwezi safari ya mpaka Wyoming. Mama akamjibu kwamba moyo ni wake, yeye daktari ashike wa kwake.

Kila mwaka, Siku ya Kupamba Makaburi, Mama hupeleka maua kwa wafu wetu wote. Baba, kaka zake, hata yule mjomba mlevi. Mmoja tu hajawahi kupata hata jani. Lovina, dada yake, aliyekufa mchanga kwenye gari la maksai wakielekea magharibi, Mama hajazaliwa bado. Baada ya hapo wazee walivunjika moyo wakarudi nyuma. Ndiyo sababu sisi ni watu wa Nebraska, Oregon tunaisikia tu.

Bibi Tamsin, mama yao, alisema neno moja maisha yake yote: amelala karibu na Ngome ya Maddox, upande wa machweo. Ukimwuliza zaidi, anachukua ndoo anakwenda kisimani.

Mama ana miaka themanini na mitatu, macho yameingia ukungu. Anasema akishampa Lovina maua yake, basi, nimwache apumzike. Silipendi neno hilo.

Jumapili, 27 Mei

Njiani. Jolene binti yangu anaendesha, mimi nashika mlango kila kona. Eti, "Mama, ukizidi kukanyaga hiyo sakafu utaitoboa, tumalizie kwa miguu!"

Mama kutoka kiti cha nyuma: "Bibi yenu aliitembea kwa miguu, kwenda na kurudi, tena ana mimba. Ninyi mmekalia mito mnalalamika."

Tukacheka. Nikamkumbuka Bibi Tamsin akienda kanisani. Watu wote barabarani, yeye kando kwenye nyasi, pindo la gauni limelowa umande. Watoto tukimwita Bibi Mbuzi. Mungu atusamehe. Alikuwa hakanyagi njia ya magari hata iwe kavu kama mfupa.

Tumelala mjini North Platte. Mama kala kijiko kimoja cha supu. Kimoja!

Jumatatu, 28 Mei

Tumefika. Tumepanga chumba kwa Bi. Hettie Sprague, mjane, ranchi yake imepakana na ngome. Ngome yenyewe! Nilifikiri nitaona maboma. Kuta za udongo zimelika, na upepo.

Mama alipolala mchana, mimi na Jolene tukaenda makaburini. Safu za wanajeshi, majina yao safi. Wasafiri wachache pembeni. Nilisoma kila jiwe polepole, shule niliiacha darasa la nne, lakini jina Lovina nalijua kama uso wangu. Halipo.

Pembeni kuna kijiwe kidogo, hakina maandishi. Jolene akasimama juu yake.

"Hili hapa."

"Hili nini?"

"Lovina. Mama, Bibi haoni. Anaweka maua, analia, anafurahi, tunarudi nyumbani. Nani ameumia?"

Nikamwambia afunge mdomo, huko ni kumdanganya mzee na marehemu wa watu pamoja. Akasema, "Basi kamwambie wewe kwamba hayupo. Mbele ya moyo ule."

Nililitazama lile jiwe kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Jumanne, 29 Mei

Sijui kama nitaweza kuandika haya.

Asubuhi nilimsaidia Bi. Hettie kukanda mkate. Mama yuko barazani, hasikii. Nikamweleza yote, na habari ya jiwe pia. Akaacha kukanda.

"Mlimtafuta makaburini? Mama wee, kama walikuwa wameshaipita ngome, hawakurudi. Msafara haukumngoja mtu."

"Walimzika wapi sasa?"

"Njiani."

"Kando ya njia, ndiyo, lakini wapi?"

"Si kando. Njiani penyewe, katikati. Wanachimba, wanafukia, halafu magari yote yanapita juu. Yote, na maksai wao. Udongo ushindiliwe usionekane, mbwa mwitu wasimfukue, mtu asimguse. Babu yangu alizika mke hivyo. Hakuna jiwe. Jiwe lingewaonyesha."

Nikakaa chini palepale, unga mikononi.

Kwa hiyo gari lao wenyewe lilipita juu yake. Bibi Tamsin alikuwa anatembea nyuma, alitazama magurudumu. Na waliporudi nyuma walirudi kwa njia ileile – njia ilikuwa moja!

Bibi Mbuzi. Pindo limelowa umande. Miaka yote ile.

Bi. Hettie alinitoa nje akanionyesha. Mitaro miwili ya magurudumu bado ipo, mirefu, nyasi zimeota ndani. Inapita kati ya barabara ya gari na makaburi, inaelekea machweo. Wapi kwenye mitaro hiyo, hakuna anayejua.

Nimwambie Mama? Kwamba mama yake aliyempenda alipitisha maksai juu ya mwanawe? Mimi ni mama pia. Mimi mwenye moyo mzima sitaki hata kulifikiria, sembuse yeye.

Jolene kasema, "Ndiyo maana nasema jiwe." Safari hii hakucheka.

Jumatano, 30 Mei

Naandika ndani ya gari, karatasi juu ya goti. Nimemwambia Mama nafuata shali.

Niliamua jiwe. Mungu ananiona. Jolene ametangulia, amesimama karibu nalo kule, anapunga mkono. Mimi nilimshika Mama kiwiko, kopo la maua mkononi mwake, twende. Tulipofika kwenye mitaro miguu ikakataa. Hatua mbili tu tuvuke! Ikakataa. Bila kuwaza nikamgeuza, tukaanza kuifuata kwa pembeni, kwenye nyasi, kama nitapata mahali inapokwisha. Haikwishi.

Mama akasema, "Verna, mbona tunazunguka? Mguu wangu umelowa."

Nikasema huku ni sawa zaidi.

Akasimama. Akapapasa kwa fimbo, upande huu nyasi, upande ule shimo. Akapeleka mbele, shimo bado. Mbele zaidi, shimo.

"Hii ni njia ya magari."

"Ya zamani, Mama."

"Na wewe unanipitisha nyasini."

Nikasema kuna baridi, nafuata shali.

Shali iko begani mwangu. Namwona kupitia kioo. Ameinama – amepiga magoti, yeye na magoti yale! Kiganja chake kiko chini ndani ya mtaro, anaupapasa udongo kama anapapasa homa ya mtoto. Kopo liko pembeni yake. Jolene kule bado anapunga, anaonyesha jiwe.

Sasa ananiita. Si sauti ya kuchoka. Ni ile ya utotoni, ya kuniita akiwa ameshajua, anataka tu niseme mwenyewe.

Naenda.